Mtoto Aliyetengwa Si Mjinga



Husemwa miongoni mwetu kwamba mtoto fulani huketi nyuma darasani, peke yake, kwa sababu ni mzito wa akili. Sisi twasema kinyume: mara nyingi amekuwa mzito kwa sababu ameketishwa nyuma, peke yake.

Hatusemi hayo kwa huruma tupu. Mwaka 2003, katika vijiji vya Uttar Pradesh, India, watafiti Karla Hoff na Priyanka Pandey waliwapa wavulana wa darasa la sita na la saba mafumbo ya kutafuta njia kwenye karatasi. Walikuwamo wa matabaka ya juu na wa tabaka linalodharauliwa tangu kale. Tabaka lisipotajwa, makundi yote mawili yalifanya sawasawa. Lakini jina la kila mtoto, la baba yake, la babu yake na la tabaka lake liliposomwa mbele ya wenzake, watoto wa tabaka la chini walishuka kwa karibu robo. Akili hazikubadilika, kilichoongezeka ni tangazo.

Mwaka 2002, Roy Baumeister na wenzake, Marekani, walikuwa wameona jambo la kufanana na hilo kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Walioambiwa kwamba wataishia katika upweke waliweza kukariri kama wengine, bali katika maswali ya kufikiri walirudi nyuma.

Nasi je, twatangaza nini? Mwalimu asomaye mbele ya darasa majina ya wasioleta michango. Mzazi amkatazaye mwanawe kucheza na mtoto wa mama asiyeolewa. Katekista amwekaye mtoto mlemavu pembeni ili "asisumbue": hao wote wanasoma orodha ileile. Kisha matokeo yakitoka, twamhukumu aliyeshindwa, wala hatumwulizi aliyemtenga.

Wapo wasemao kwamba aibu humkomaza mtoto. Aibu ya kosa alilotenda huenda ikamfunza, maana kosa hurekebishwa. Lakini mtoto ataurekebishaje umaskini wa baba yake? Aibu hiyo haina mlango wa kutokea.

Bwana alichukizwa na wanafunzi waliowazuia watoto, si na watoto. Basi, juma hili, deni la mchango tumdai mzazi, tena faraghani. Na mtoto wa nyuma tumwite aketi katikati.

Tunawatakieni Dominika njema.