Cheo Chako Si Hisani

Liko swali ambalo mwanamke wa jamii ndogo huulizwa katika ofisi za juu hata kabla hajakizoea kiti chake: “Wewe uliletwa na nani?” Huulizwa kwa utani, pengine kwa tabasamu. Mwanamume wa jamii kubwa mwenye shahada ileile na uzoefu uleule haulizwi. Swali hilo likirudiwa kwa miaka, huhama vinywani mwa wenzake na kuingia moyoni mwake, naye huanza kujiuliza mwenyewe.

Mwaka 1978 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, walichapisha makala kuhusu wanawake waliofaulu sana katika masomo na kazi, lakini wakasadiki kwamba mafanikio yao ni bahati tu, na kwamba siku moja watafichuliwa kuwa walaghai. Makala hayo yaliipa hali hiyo jina. Tangu hapo imezoeleka kutazamwa kama maradhi ya mwenye nayo: mwanamke huambiwa ajiamini, ahudhurie semina, ajisifu mbele ya kioo. Tiba hiyo mimi siiamini sana.

Nimewafundisha wanawake kadhaa kutoka jamii za wafugaji wa kaskazini mwa Kenya. Mmoja wao, sasa mtumishi wa umma, alikaimu ukuu wa kitengo kwa miaka miwili, na tathmini za kazi yake zilikuwa nzuri. Nafasi ilipotangazwa rasmi, hakuomba. Nilipomwuliza sababu, alinijibu: “Mwalimu, watasema nimepewa kwa sababu ya kwetu.” Hakusema kwamba kazi imemshinda. Alikuwa ameyasoma mazingira yake, akayaelewa vyema. Muda wa kuomba ukapita.

Kwa hiyo tuichunguze hoja yenyewe, kwamba kuzingatia jinsia na jamii hushusha sifa. Katiba ya Kenya ya 2010 haikubaliani nayo. Kifungu cha 232 kinataja ushindani wa haki na sifa kuwa misingi ya uteuzi katika utumishi wa umma, na papo hapo kinadai utumishi huo uwakilishe jamii mbalimbali na uwape wanaume na wanawake fursa sawa. Kifungu cha 27 kinataka jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa. Kifungu cha 56 kinawahusu walio wachache na waliotengwa. Matakwa hayo yaliandikwa kwa kuwa milango ilikuwa imefungwa, na kuifungua si kazi nyepesi: Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais alivunje Bunge kwa kushindwa kutunga sheria ya thuluthi mbili.

Upendeleo wa ukoo, wa shule moja na wa chama ni mkongwe kuliko Katiba hiyo, wala sijasikia aliyenufaika nao akikosa usingizi.

Wakuu wa idara, yaliyo mikononi mwenu ni mepesi. Tangazeni vigezo vya kila uteuzi, maana anayejua alipimwa kwa kipimo gani ana jibu la kumpa mdadisi. Msimgeuze mwanamke mmoja kuwa msemaji wa jamii nzima. Msimpe kazi ya kuandika kumbukumbu za kikao anachostahili kukiongoza. Na swali la “nani alikuleta” likitolewa mbele yenu, lisipite kama mzaha.

Nawe dada uliye katika nafasi hiyo, hifadhi ushahidi wa kazi yako: ripoti ulizoandika, miradi uliyoikamilisha, barua za tathmini. Siku ya shaka, soma hizo kabla ya kuusikiliza moyo. Tenganisha kutojua na kutostahili. Kila anayeanza kazi mpya kuna asiloljua, na hujifunza. Zungumza na wenzako, kwa kuwa shaka ikitajwa mbele ya watatu, hubainika kwamba haikuwa ya mmoja. Kisha omba nafasi. Wakitaka kusema, watasema hata usipoomba.

Kila mwenye sifa anapojiondoa, kiti hakibaki kitupu. Hukaliwa na mtu ambaye hajawahi kuulizwa aliletwa na nani.