Dharura ya Saratani Haisubiri Kikao cha Kamati



Tukizungumzia saratani kambini, ile ambayo wengi wetu tunaiita kansa, mazungumzo huishia kwenye rufaa. Nani amekubaliwa, nani amekataliwa, kibali cha kutoka kambini kimetoka au bado, gari litaondoka lini. Maswali hayo ni ya haki. Mgonjwa wa Nyarugusu, wilayani Kasulu, akihitaji tiba ya mionzi hana budi kupelekwa mbali, kama Bugando jijini Mwanza au Ocean Road jijini Dar es Salaam. Reli ya kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam peke yake ina zaidi ya kilometa 1,200.

Fedha nazo hazitoshi, na hilo si la kwetu tu. Huko Jordan, kati ya mwaka 2010 na 2012, kamati inayoamua rufaa za gharama kubwa za wakimbizi ilipokea maombi 511 ya matibabu ya saratani. Yaliyokubaliwa yalikuwa 246, yaani chini ya nusu. Wengi waliokataliwa walionekana kuwa na matumaini madogo ya kupona.

Maoni yangu ni haya: kamati huamua kuhusu tiba ya saratani, lakini haina la kuamua kuhusu dharura. Mgonjwa aliyekubaliwa, anayesubiri, na hata aliyekataliwa, wote wana haki moja siku hali inapobadilika ghafla. Na siku hiyo mtu wa kwanza kuwaona si daktari bingwa. Ni muuguzi wa zamu.

Zipo dharura tatu ambazo kila muuguzi wa kambi anapaswa kuzitambua bila kusubiri kuambiwa.

Homa baada ya dawa za saratani

Mgonjwa aliyerudi kutoka hospitali ya rufaa baada ya kupata dawa za saratani hupungukiwa na chembe nyeupe za damu, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14. Hizo ndizo askari wa mwili. Joto likifika nyuzi 38 na kubaki hapo kwa saa nzima, au likafika 38.3 hata mara moja, hiyo ni dharura. Askari wakiwa wachache, dalili tulizozizoea hazionekani: kidonda hakitoi usaha, kikohozi ni kidogo. Wengine hawana joto kabisa, wamelegea tu na kutetemeka.

Hapa ndipo malaria inapotupotosha. Katika mkoa wetu kila homa hupimwa malaria, na ni sawa. Lakini majibu yakionyesha malaria, hayajafuta hatari ya maambukizi ya bakteria. Na yasipoionyesha, mgonjwa asirudishwe nyumbani na panado. Antibiotiki ya mshipani ianze ndani ya saa moja. Joto lisipimwe njia ya haja kubwa, wala dawa isipitishwe huko, kwa sababu mchubuko mdogo unaweza kuingiza vijidudu kwenye damu.

Maumivu ya mgongo na miguu kukosa nguvu

Kambini kila mtu anaumwa mgongo. Tunabeba maji, kuni na watoto. Lakini mgonjwa wa saratani ya titi au ya tezi dume anayesema mgongo unauma zaidi akilala, usiku hapati usingizi, na sasa miguu inakufa ganzi au mkojo hautoki, huyo si wa kupewa diklofenaki na kuambiwa arudi Jumatatu. Huenda uvimbe unaukandamiza uti wa mgongo. Wanaotibiwa wakiwa bado wanatembea, wengi huendelea kutembea. Miguu ikishapooza kabisa, wachache sana husimama tena. Muuguzi amlaze vizuri, asimgeuze kwa nguvu, aangalie kama kibofu kimejaa, na amwite daktari saa hiyo hiyo ili deksamethasoni ianze wakati rufaa ikishughulikiwa.

Kutokwa na damu nyingi

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania, na wengi hugundulika wakiwa wamechelewa. Damu ikianza kumwagika usiku, si wakati wa kurudia vipimo vya ndani kila anapoingia mhudumu mpya. Ni wakati wa kuweka kanula nene, dripu na asidi ya traneksamiki, na kupeleka sampuli ya kutafuta damu ya kuongezewa. Mwenye ujuzi ajaze shashi ukeni, na mpira wa mkojo uwekwe, kwa sababu shashi hubana njia ya mkojo. Tafadhali tandika shuka la rangi nzito. Damu kwenye shuka jeupe humtisha mgonjwa na watoto wake kuliko maumivu yenyewe.

Wengine watasema

Nimesikia hoja kwamba kambi haina uwezo wa kutibu saratani, hivyo tusiwape watu matumaini ya bure. Hoja hiyo inachanganya mambo mawili. Kutibu saratani kunahitaji mashine na dawa za bei kubwa. Kuanza dharura kunahitaji seftriaksoni, jentamaisini, deksamethasoni, dripu na kipimajoto, vitu ambavyo tayari tunavitumia kwa magonjwa mengine na kwa kina mama wajawazito. Hata yule asiyepona anastahili kutembea kwa miguu yake miezi iliyobaki, na kupata mofini pale anapoumia.

Wengine wanahofia kwamba muuguzi atavuka mipaka ya kazi yake. Basi mipaka hiyo iandikwe. Ninapendekeza mambo matatu:

1. Daktari mkuu wa kila kituo atie sahihi mwongozo wa ukurasa mmoja unaomruhusu muuguzi wa zamu kuanza dozi ya kwanza ya antibiotiki kwa mgonjwa wa saratani mwenye homa, huku daktari akiitwa.

2. Kila anayerudi kutoka matibabu apewe kadi kwa Kiswahili, na kwa Kirundi kwa ndugu zetu wa Burundi, yenye jina la dawa, tarehe aliyopewa na dalili za hatari. Akiionyesha mapokezi, asipange foleni.

3. Wahudumu wa afya ya jamii wajue nyumba zenye wagonjwa hawa katika kijiji chao na wawatembelee, hasa katika wiki ya pili baada ya dawa. Siri ya mgonjwa ilindwe. Jirani hahitaji kujua ugonjwa ili kujua kwamba mama wa nyumba ya pili akiita usiku, gari liitwe.

Nanyi mnaouguza nyumbani, msiogope kuamsha watu usiku. Msisubiri asubuhi kwa kuona aibu, wala msianze na dawa za dukani. Mkifika zahanati, sentensi ya kwanza iwe hii: "Sista, huyu ana saratani na hali yake imebadilika leo." Anayeisikia sentensi hiyo aache anachoandika, asimame, amwone mgonjwa.