Tuulizeni, Lakini Msituuzie Neno "Tiba"

Hebu tuongee ukweli kidogo. Mwambie mtu yeyote hapa Mkongani kuna wataalamu wanatafuta watu wa kujaribu tiba ya virusi vya UKIMWI. Atasikia neno moja tu: tiba. Hilo "kujaribu" litapita kama upepo. Shida inaanzia hapo.

Na Kenya tushachomeka. Mwaka 1990 Rais Moi alitangaza Kemron, dawa iliyotoka KEMRI, na watu wakaja kuitafuta hata kutoka nje ya nchi. Vipimo vilivyofuata havikuona faida yake. Basi mzee akikunja uso ukimtajia utafiti, usimcheke. Ana sababu.

Madaktari nao wengi wanasita, na pia wana sababu. Utafiti mwingi wa tiba hufika mahali unaambiwa uache ARV kwa muda, ionekane kama virusi vitarudi. Kwa watu wengi vinarudi ndani ya wiki chache tu. Mwaka 2006, utafiti wa DART kule Uganda na Zimbabwe ulilazimika kusitisha sehemu ya kupumzisha wagonjwa dawa, maana waliopumzika walikuwa wanaugua zaidi. Sasa daktari aliyekuambia miaka yote "usiruke hata siku moja" ataanzaje leo kukuambia uache?

Afu kuna hili, na watu hawalisemi. Ukimeza dawa vizuri hadi virusi visionekane kwenye kipimo, humwambukizi mpenzi wako kwa ngono. Ukiacha dawa virusi vikarudi, hiyo kinga imeenda. Kumbe anayeingia kwenye utafiti ni zaidi ya mtu mmoja. Kuna mwenzake kitandani ambaye hakutia sahihi popote.

Lakini daktari, kusita kwako hakukupi ruhusa ya kuniamulia. Kule Durban, timu ya Profesa Thumbi Ndung'u, Mkenya mwenzetu, ilifanya utafiti na wanawake 20 waliogunduliwa mapema sana na kuanza dawa mapema. Wakaacha ARV huku wakifuatiliwa kwa karibu. Matokeo yalitoka 2025: wanne walikaa zaidi ya mwaka bila dawa, wengi walirudi kumeza. Hakuna wa kusimama leo akasema wamepona. Ila wale wanawake waliulizwa, wakaelezwa, wakaamua wenyewe. Mbona msichana wa Kwale aonekane hawezi kuelewa kitu hicho hicho?

Sheria ya UKIMWI ya 2006 inataka mtu akubali kwa hiari baada ya kuelezwa. Sawa, lakini kueleza si kumpa mtu karatasi kumi za Kizungu na kalamu. Nielezwe kwa Kiswahili, bibi yangu kwa Kidigo, na majibu yawe wazi. Nitapona? Pengine hapana. Virusi vikirudi, nani atagundua, na baada ya siku ngapi? Mpenzi wangu atapewa PrEP? Nikitaka kutoka katikati, nitatoka bila kununiwa kliniki?

Na nauli je? Kuna watu hapa wanaopita kituo cha karibu wakachukue dawa mbali, ndo wasionekane. Huyo ukimwambia aje kupimwa kila wiki, mtaa mzima utauliza anaenda wapi. Kama mpango wenu hauna jibu la hapo, bado hamjawa tayari kutuita.

Msimamo wangu ni huu: tuulizwe. Tuambiwe ni utafiti, kwamba faida huenda ikawafikia watoto wetu na sisi tusipate kitu. Kuna watu watakubali hata hivyo, na hao ni mashujaa. Atakayekataa naye asionekane mjinga.

Sasa wewe unayesoma: ungekubali? Na mpenzi wako ungemwambia kabla ya kutia sahihi, ama baada?