Gari la Waya si Takataka

Dharau ina jicho la namna yake. Haikitazami kitu kilivyo, bali hutazama kilikotoka. Gari dogo la plastiki likitoka ng'ambo ndani ya sanduku, vipande vyake vikaungwa kwa gundi, likapakwa rangi na kuwekwa kabatini, huitwa sanaa, na aliyeliunda husifiwa kuwa ni mtu wa subira na ustadi. Gari dogo la waya likiundwa Turwa, katika mji wa Tarime, na mtoto ambaye hakupewa sanduku wala gundi wala karatasi ya maelezo, huitwa mchezo. Na siku ya kufagia uwanja huitwa takataka. Makala haya yanakusudia kuipinga hukumu hiyo, kwanza kwa sababu si ya haki, na pili kwa sababu hasara yake ni kubwa kuliko gari lenyewe.

Na tulichunguze gari hilo kabla ya kulihukumu. Mifupa yake ni waya uliookotwa palipojengwa nyumba, au uliotolewa katika uzio uliochakaa. Bodi yake hufumwa kwa waya mwembamba, au hukatwa katika kopo la mafuta ya kupikia. Magurudumu yake hukatwa katika kandambili zilizokwisha, au huwa ni vifuniko vya makopo na vizibo vya soda. Kutoka katika ekseli ya mbele hupanda waya mrefu hadi kiunoni mwa mtoto, na katika ncha yake hukaa usukani. Mtoto akiuzungusha usukani huku akikimbia, magurudumu ya mbele hukata kona, kulia au kushoto, kama alivyotaka. Gari la sandukuni aghalabu huundwa ili likae. Gari la waya huundwa ili liende, na lisipokwenda wenzake humcheka muundaji papo hapo. Ni mafundi wangapi wakubwa wanaopimwa kwa mtihani mkali kama huo?

Sisemi haya kwa kuwabeza waungaji wa magari ya plastiki. Kazi yao ni njema, nayo ina asili ya unyenyekevu ambayo wanaowasifu huisahau. Kampuni ya Airfix ilianzishwa Uingereza mwaka 1939 na Nicholas Kove, mzaliwa wa Hungaria. Mfano wake wa kwanza, mwaka 1949, haukuwa ndege ya vita wala gari la fahari. Ulikuwa trekta la Ferguson, lililotengenezwa kwa ajili ya wauzaji wa matrekta hayo. Kampuni ya Tamiya ya Shizuoka, Japani, ilianza mwaka 1946 kwa kazi ya mbao, na mifano yake ya mwanzo ilikuwa ya mbao. Basi sanaa hii inayoonekana leo kuwa starehe ya wenye nafasi ilizaliwa karibu na shamba na msumeno. Haina haki ya kumwonea aibu ndugu yake wa waya.

Wapo watakaosema kwamba tofauti ni kipimo. Mfano wa kweli, husema, hufuata uwiano: moja kwa ishirini na nne, yaani nusu inchi kwa kila futi moja, hata basi la mita 12 likawa na sentimita 50 tu, na kila dirisha likapungua kwa kadiri hiyo hiyo. Hoja hii ingekuwa na nguvu lau mtoto wa Turwa angekuwa hana uwiano. Lakini anao. Tofauti yao ni mahali uwiano unapoamuliwa. Katika sanduku umekwisha kuamuliwa kiwandani, na muungaji hutii. Katika waya huamuliwa na gurudumu. Mwenye kandambili moja tu ya kukata hupata magurudumu ya upana fulani, wala si zaidi, na kutokana na upana huo lazima apate urefu wa chasisi, kimo cha kibini na nafasi kati ya ekseli mbili. Akikosea, lori lake litafanana na ng'ombe mwenye miguu ya mbuzi. Hupima kwa shibiri na kwa wanda, hutazama lori linalopita, kisha hupima tena. Hiyo ni hesabu ya uwiano, na mtoto huyo huifanya kabla hajafundishwa jina lake.

Wengine husema kuwa gari la waya ni dalili ya umaskini, na kwamba siku wazazi watakapokuwa na fedha watanunua magari ya dukani na mambo yatakwisha. Maneno haya yana nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli hudanganya vizuri kuliko uongo mzima. Umaskini hutoa waya. Hautoi akili ya kuupinda. Watoto maskini ni wengi duniani, na si wote wanaounda usukani unaotii. Wala sikubaliani na wageni wanaoisifu kazi hii kwa huruma, kana kwamba uzuri wake wote umo katika kukosa. Dharau humwambia mtoto, "Kazi yako si kitu." Huruma humwambia, "Kazi yako ni kitu kwa sababu wewe ni maskini." Mimi naona zote mbili zinakwepa swali moja lililo la haki: je, gari limeundwa vema au vibaya?

Wapo pia wanaoshutumu kwamba huko ni kuiga tu. Ni kweli, mtoto huiga. Barabara itokayo Musoma kwenda Sirari mpakani humpitishia malori na mabasi. Mgodi wa dhahabu wa Nyamongo una mitambo mikubwa. Na upande wa Serengeti hupita magari ya watalii. Akiyaona, huyaiga. Lakini muungaji wa plastiki huiga nini kama si gari la mwingine, tena kwa vipande alivyokatiwa na mwingine? Kuiga ni mlango wa kubuni. Gari la Nyumbu, lililoundwa na Watanzania huko Kibaha, lilipewa jina la mnyama ambaye Serengeti inamjua kwa malaki. Nalo halikushuka kutoka mbinguni. Walioliunda walikuwa wameyatazama sana malori ya wengine.

Sasa nafika penye hasara yenyewe. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule isiitenge akili na mkono. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, katika toleo la mwaka 2023, imeyapa mafunzo ya amali mkondo wake katika sekondari. Ni jambo jema. Lakini tunafanya nini kabla mtoto hajafika huko? Akiwa na umri wa miaka kumi hukunja waya, hukata bati na kutia ekseli mahali pake. Akikaribia miaka kumi na minne huambiwa aache utoto akazane na masomo. Huacha. Kisha, akishaacha, tunamwita darasani tumfundishe amali tangu mwanzo, kama mtu ambaye mikono yake haijapata kujua kitu. Tunauzima moto jioni, asubuhi tunakwenda kwa jirani kuomba kaa! Na dada yake ana dhuluma ya ziada, kwa kuwa yeye aghalabu hakupewa hata huo waya wa kuanzia.

Katika jambo moja waungaji wa plastiki wanatushinda, nasi hatuna budi kujifunza kwao: wao huweka na huonyesha. Hulainisha kingo, hupaka rangi tabaka juu ya tabaka, huandika jina la gari, na hukaribisha watu watazame na kukosoa. Gari la waya hufa bila jina. Basi na iwepo rafu katika kila shule ya msingi, Turwa na kwingineko. Gari likiwekwa hapo liandikwe jina la muundaji, mwaka, na uwiano wake kama alivyoukokotoa mwenyewe. Na mwalimu wa hesabu aanzie hapo somo lake. Makumbusho ya Mwalimu Nyerere yapo Butiama, katika mkoa huu huu wa Mara. Pembe moja ya ukumbi ingetosha. Ikiwa magari yaliyowabeba viongozi yanastahili kuhifadhiwa Dar es Salaam, basi na gari lililotoka zima katika kichwa cha mtoto lina staha yake.

Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Mtoto wa Turwa anacheza kwao, na tuzo yake mpaka sasa ni ufagio. Taifa linalotaka mafundi haliwezi kuendelea kuwafagia kila Jumamosi.