Pakacha Likivuja, Mwenyewe Yuko Wapi?

Wahenga walisema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hii hufundishwa madarasani kila mwaka, na mwanafunzi huikariri maana yake, kwamba hasara ya mmoja huweza kuwa faida ya mwingine. Aghalabu mwalimu huishia hapo. Swali lisiloulizwa ni hili: wakati pakacha linavuja, mwenyewe yuko wapi, na mbona mchukuzi hamwambii?

Swali hilo lilinijia kutokana na jambo dogo lililotokea nyumbani kwangu hapa Nakuru. Nina kiwanja kidogo cha ukoka, na chini yake zimepita paipu za plastiki zinazopeleka maji kwenye vinyunyizio vinne. Bili ya maji ilipanda kwa miezi mitatu mfululizo. Nililaumu mita, nikalaumu watoto, nikalaumu kila kitu isipokuwa ardhi niliyoikanyaga kila asubuhi. Hatimaye nilimwuliza kijana anayetutunzia bustani kama alikuwa ameona lolote. Akanijibu kwa upole, "Nimeona, mwalimu. Pale chini ya mparachichi udongo unatitia. Lakini hamkuniuliza." Kumbe mchukuzi alijua zamani. Tena alikuwa amepata nafuu yake, kwani kona ile haikuhitaji tena kumwagiliwa kwa ndoo.

Simlaumu kijana huyo hata kidogo. Aliyeona hakuwa mlipaji, na mlipaji hakuwa mwonaji. Hapo ndipo kiini cha jambo ninalotaka kulijadili leo.

Ardhi yetu nayo huficha mambo. Inasemekana kwamba jina la Nakuru lina asili ya Kimaasai, likimaanisha mahali pa vumbi. Vumbi hilo ni la majivu ya volkano, na mlima Menengai uliotuinamia ni ushahidi tosha. Udongo wa namna hii hunywa maji upesi. Penye udongo wa mfinyanzi, paipu ikipasuka dimbwi hutokea juu na kila mpita njia akaliona. Kwetu maji huweza kuzama chini kwa miezi mingi pasi na kuacha hata tone la ushahidi. Ndiyo maana mwenye nyumba hana budi kujifunza kusoma dalili: ukoka uliokolea kijani mahali pamoja ilhali kwingine umekauka, udongo unaobonyea chini ya kisigino, au kinyunyizio kinachorusha maji kwa unyonge kuliko vyenzake.

Dalili ni za kukisia. Hakika hupatikana kwenye mita. Siku ambayo maji yanapatikana, funga mifereji yote ya nyumbani, hakikisha tangi limejaa na boya lake limefunga, kisha andika tarakimu za mita. Subiri saa moja bila mtu yeyote kutumia maji. Iwapo tarakimu zimesonga, maji yanapotea. Sasa funga koki ya paipu inayoelekea kwenye vinyunyizio na urudie. Mita ikitulia, hasara iko bustanini. Ikiendelea kuzunguka, tafuta kwingineko, na uanze chooni. Ikiwa vinyunyizio hulishwa na tangi, tia alama ya kina cha maji jioni, ufunge maji yanayoingia, na uitazame alama hiyo alfajiri.

Tahadhari moja yafaa hapa. Kinyunyizio kilicho upande wa chini wa mteremko huendelea kudondosha maji kwa muda baada ya koki kufungwa. Hayo ni mabaki yaliyokuwa ndani ya paipu. Yakikoma baada ya dakika chache, hakuna kasoro. Yasipokoma usiku kucha, koki yenyewe ndiyo haifungi sawasawa, na huenda dawa yake ikawa kipande cha mpira cha bei nafuu.

Je, hasara hii ni kubwa kiasi cha kuandikiwa makala? Tufanye hesabu. Ufa unaojaza mtungi wa lita 20 kwa saa hupoteza lita 480 kwa siku, na lita 14,400 kwa siku 30. Hiyo ni mitungi 720. Katika mji ambao mitaa mingi hupata maji kwa zamu, wako akina mama wanaonunua mtungi mmoja mmoja kutoka kwa mwenye mkokoteni. Mitungi 720 iliyozama chini ya mparachichi wangu ni maji yaliyokwisha kusafishwa na kusukumwa kwa umeme hadi mlangoni.

Yaliyo nyumbani kwangu yako pia mjini. Ripoti za bodi ya taifa inayodhibiti huduma za maji, WASREB, zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayotengenezwa na kampuni za maji nchini hayalipiwi, ama kwa kuvuja, ama kwa kuibwa, ama kwa mita mbovu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo itatimizwaje ikiwa pakacha la taifa linavuja kiasi hicho njiani?

Wapo watakaosema kwamba Ziwa Nakuru limefurika tangu miaka ya 2010 hata likameza lango kuu la zamani la mbuga, kwa hiyo maji si haba. Hoja hiyo haina mashiko. Maji ya ziwa letu ni ya magadi, nayo maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana floridi nyingi inayotia meno rangi ya kahawia. Maji yafaayo kunywa ndiyo hayo machache yaliyo ndani ya paipu.

Nawageukia sasa walimu. Shule zetu zina mifereji, matangi, viwanja na mita. Mita hiyo husomwa na mtu wa kampuni mara moja kwa mwezi, na bili hulipwa ofisini bila mwanafunzi kujua. Kwa nini Gredi ya Saba isipewe daftari la mita, wanafunzi wakaisoma jioni na alfajiri, wakachora jedwali, na wakatangaza matokeo gwarideni? Hesabu ni hiyo, sayansi ni hiyo, na insha ya Kiswahili itapatikana humo humo. Lililo kubwa zaidi ni kwamba mtoto atakuwa ameshirikishwa katika umiliki wa pakacha.

Mabomba yetu yanazungukwa na watu wanaoona: mtunza bustani, bawabu, mpishi wa shule, mwanafunzi anayefagia uwanja. Wengi wao wananyamaza kwa sababu hatukuwauliza, au kwa sababu waliposema hatukuwasikiliza. Fundi huziba ufa mmoja. Anayeuliza na kusikiliza huziba nyingi kabla hazijapanuka. Kesho asubuhi, kabla ya kumlaumu msoma mita, mwulize aliyeshika fagio.