Tuyapimie Maji Njia Kabla ya Kupima Viwanja

Miji mikubwa iliyojengwa kando ya bahari na mito ya pwani imelazimika, katika zama zetu hizi, kuchimba mahandaki marefu chini ya misingi ya majumba yake, si kwa kutaka fahari, bali kwa dharura ya kuyapokea maji ya mvua na maji machafu ambayo mabomba ya kale hayawezi tena kuyachukua. Mwaka 1858 uvundo wa mto Thames ulizidi London hata Bunge likampa mhandisi Joseph Bazalgette idhini ya kujenga mifereji ya chini kwa chini, na kazi yake iliokoa roho nyingi. Lakini kwa kuwa mvua na kinyesi vilitiwa katika bomba moja, na watu wakaongezeka kupita hesabu aliyoikadiria, kila mvua iliponyesha kwa nguvu uchafu ulifurika mtoni. Imepita karne moja na nusu na zaidi, hata mwaka 2025 ndipo likakamilika handaki la kilomita 25, lenye upana wa mita 7 na ushei, lililogharimu zaidi ya pauni bilioni 4.

Rai yangu ni kwamba handaki la namna hii ni faini ya kuchelewa, na kwamba miji ya Ngara na Biharamulo, maadamu ingali midogo, yaweza kuiepuka faini hiyo kwa gharama ya akili, kamba za wapima ardhi na mawe ya vilima vyetu wenyewe.

Kwa nini tuitafute ibra mbali, ilhali Dar es Salaam ipo? Bonde la Msimbazi lilijulikana tangu zamani kuwa ndiyo njia ya maji yashukayo kutoka Pugu kwenda baharini, walakini nyumba na karakana ziliingia humo kidogo kidogo, mpaka mafuriko ya Desemba 2011 yakaua watu zaidi ya 40, na walionusurika wengi wakahamishiwa Mabwepande. Leo Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, inawalipa fidia wakazi wa bonde, inabomoa nyumba na kujenga daraja refu pale Jangwani ambapo Barabara ya Morogoro hukatika masika yakiwa mazito. Kazi hiyo ni ya haki na inastahili kuungwa mkono. Lakini fedha hizo zote ni bei ya ardhi ambayo hapo awali ingaliweza kutengwa bure.

Wala Ngara haina haja ya kusimuliwa maana ya mji unaozuka kwa ghafla. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa siku moja tu, zaidi ya watu laki mbili walivuka daraja la Rusumo wakiikimbia Rwanda, na muda si muda wageni wakawazidi wenyeji wa wilaya nzima kwa idadi. Katika kambi yao ya Benaco maji yalivutwa kwa pampu na kutiwa dawa, na vyoo vikachimbwa. Kuhara damu kulikuwapo, na watu walikufa, lakini halikutokea balaa la jinsi ile iliyowakumba wakimbizi wenzao huko Goma mwezi wa Julai mwaka uleule, ambako mwamba wa volkano ulilikataa jembe, watu wakayanywa maji ya Ziwa Kivu yalivyo, na karibu nafsi 50,000 zikapotea katika mwezi wa kwanza, nyingi kwa kipindupindu na kuhara damu. Benaco ilikuwa na udongo unaochimbika na wasaa mdogo wa kupanga. Sisi leo tuna udongo ule ule, na wasaa mkubwa zaidi.

Wasaa huo, hata hivyo, hautadumu. Nikeli ya Kabanga, ambayo leseni yake kubwa ya uchimbaji ilitolewa mwaka 2021, itavuta mafundi, wafanyabiashara na familia zao. Barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo imekwisha kuzaa magulio na nyumba za wageni kandokando yake. Na Biharamulo ina dhahabu yake. Mji wa Ngara umekaa juu ya vilima, na maji ya mvua yakishuka kwa kasi hupasua makorongo, huingia katika vyoo vya shimo, na kuyapeleka yaliyomo kwenye chemchemi za mabondeni, kisha kwenye mito ya Ruvubu na Kagera, na mwishowe Ziwa Victoria.

Wako wasemao kwamba mji mdogo utangulize bomba la maji na zahanati, mitaro ije baadaye. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini inasahau kwamba kila ndoo ya maji safi iingiayo nyumbani hutoka ikiwa ndoo ya maji machafu, na kwamba anayeleta bomba bila kuandaa pa kuyapeleka yatokayo amewapa watu neema kwa mkono mmoja na maradhi kwa mkono wa pili.

Kwa hiyo nawasihi waheshimiwa madiwani wa wilaya hizi mbili watimize mambo manne. Kwanza, njia za asili za maji zichorwe katika ramani za mipango miji kabla ya kiwanja chochote kupimwa, na ile hadhari ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, iliyowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, ilindwe bila upendeleo. Pili, maji ya mvua yapewe mitaro yao ya mawe, na majitaka yasiingizwe humo kamwe. Tatu, yatengwe mabwawa ya kutibu majitaka, ili magari ya kunyonya vyoo yasimwage mzigo wao porini. Nne, sehemu maalumu ya ushuru wa huduma utakaolipwa na migodi iandikwe katika bajeti kwa kazi hii, isiguswe kwa jambo jingine. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mkopo wa ng'ambo ili lianze. Linalohitajika ni azimio la baraza, na azimio hilo lipitishwe mwaka huu, kabla mpima ardhi hajasimika nguzo ya kwanza ya mtaa mpya.