Mboga Haitaki Shamba

Mwaka 2022 ulipokaribia kwisha, mfumuko wa bei mijini Rwanda ulipita asilimia 20. Aprili 2023 serikali ikaingilia kati: ikaondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye mchele na unga wa mahindi, na viazi vya aina ya Kinigi vikawekewa kikomo cha faranga 460 kwa kilo. Ilikuwa hatua njema. Lakini hakuna serikali iwezayo kupanga bei ya kila fungu la dodo, yaani mchicha, wala kila kichala cha seleri katika masoko ya Kigali kama Kimironko na Nyabugogo. Hapo kazi ni yetu: kuotesha mboga nyumbani.

Tusidanganyane. Ua wa hatua sita hautoi viazi vya kulisha watoto watano; viazi na mchele tutaendelea kununua. Faida iko kwenye dodo, sukuma, seleri, vitunguu vya majani na pilipili. Hivi hununuliwa kidogo kidogo kila jioni, hunyauka kabla ya kesho, na fedha zake hutoka bila kuonekana. Mali bila daftari huisha bila habari: andika matumizi ya mboga ya mwezi mmoja, kisha ujihukumu mwenyewe.

Utasema, "Mimi mpangaji, sina ardhi." Akarima k'igikoni, bustani ya jikoni ambayo Wanyarwanda wamehimizwa kuwa nayo kwa miaka mingi ili watoto waepukane na utapiamlo, haijapata kudai ekari. Chukua gunia la mchele lililokwisha, ulijaze udongo na samadi, usimamishe nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, kisha utoboe pembeni upachike miche. Dodo huanza kuchumwa baada ya kama mwezi. Likate ukibakiza shina, litachipua tena. Mche mmoja uache utoe mbegu, usinunue nyingine.

"Na maji?" Mvua za umuhindo huanza Septemba, za itumba Machi. Panda zinapoanza, mbingu ikulelee miche. Kiangazi cha Juni hadi Agosti, maji yaliyoosha mchele na mboga yasimwagwe mferejini. Ila jihadhari na kosa la wenye pupa: anayenunua vyungu vya fahari na udongo wa dukani amehamisha gharama tu, hajaipunguza.

Jambo hili lisiwe la mtu mmoja. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii, majirani hukaa kikao. Lisemwe hapo: mwenye miche alete miche, mwenye kuku alete samadi, mzee aliyelima kijijini awafundishe vijana waliozaliwa mjini. Msingoje bei ipande tena ndipo mtafute mbegu. Mche haukui kwa hasira ya mnunuzi. Tayarisheni magunia sasa, Septemba isitukute tungali tunabishana.